Mafundo Matatu

Siku ya kwanza Mbuke alipoketi mdomoni mwa duara, wanaume wa mashimo ya jirani waliacha sururu zao wakaja kumtazama, kama watu wanavyokwenda kumtazama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Duara ni shimo la dhahabu, na kwenye machimbo yale madogo ya upande wa Segese mwanamke mahali pake ni kule chini mwaloni, anakooshea mchanga, au kwenye turubai la mama ntilie. Mdomoni mwa shimo hapana. Wanasema dhahabu ikisikia harufu ya kanga inazama.

"Mama Davis kachoka na mali yake," alisema mmoja, makusudi asikike. "Mpaka kesho dhahabu hii itakuwa imeshahamia Geita."

"Ikifika itusalimie," Mbuke akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye kamba aliyoishika.

Walicheka, hata yule mchokozi mwenyewe. Lakini hakuna aliyekuja kukaa karibu naye.

Duara lilikuwa la Anisia, mjane wa Ushirombo, Mkatoliki kweli kweli, ambaye rozari yake ilikaa mfuko mmoja na funguo za stoo. Watu walimwita Mama Davis. Hakumweka Mbuke pale kwa kupenda kusemwa. Alimweka kwa sababu ya Charles.

Charles ndiye aliyekaa mdomoni kabla yake. Kazi ya mtu wa mdomoni ni kujua nani yuko upande wa pili wa kamba. Shimo lile lilikuwa refu, tena lilipinda katikati. Sauti ya mtu ikipanda inafika juu imekuwa mvumo tu, huwezi kujua ni ya binadamu au ya maji. Na huko chini mashimo yametobokeana. Wavamizi wanachimba njia kutoka shimo la jirani, wanaingia kwenu, wanawafunga watu wenu, kisha wanapanda kwa kamba yenu na mifuko yenu ya mawe. Kwa hiyo Mama Davis alikuwa akitoa ishara kila asubuhi: leo mivuto miwili, pumzika, mitatu. Aliye chini anavuta kamba nyembamba ya ishara hivyo, aliye juu anajua ni wetu, winchi inazungushwa.

Ila ishara ikishavutwa mara moja si siri tena. Aliyejibanza gizani akautazama mkono wako kwenye kamba, tayari anaijua kama wewe. Siku moja Charles alipata ishara sahihi kabisa, akaamuru winchi. Waliopanda walikuwa na mapanga. Charles alizikwa kwao Ushetu, na jeneza halikufunguliwa.

Baada ya hapo Mama Davis alisema hataki tena mwanamume mdomoni. "Mwanamume ataogopa au atanunuliwa," alisema. "Nataka mtu ambaye roho yake iko huko chini." Akamtazama Mbuke, aliyekuwa akipepeta vumbi la mawe pembeni. Mume wa Mbuke, Maige, ndiye aliyekuwa mchimbaji mkuu wa duara lile.

Mbuke alikuwa mtu wa kutazama. Alimaliza darasa la saba Samuye, akarudi nyumbani kuchunga na kulima, na tangu hapo alichojua alikijua kwa kukaa kimya akaangalia. Alijua ng'ombe anayeumwa kabla hajaacha kula. Alijua mama mkwe wake amekasirika kwa jinsi anavyotua sufuria. Na Maige alimjua hata akiwa upande wa pili wa kamba: kabla ya kuvuta ishara alikuwa na tabia ya kuitikisa kidogo, kama mtu anayekung'uta vumbi kwenye shati. Hakuna aliyemfundisha, wala mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo.

Mwezi ule Davis alikuja. Alikuwa mtoto wa pekee wa Anisia, anasoma hesabu chuo kikuu Dar es Salaam, shahada ya pili. Kijana mpole, mwembamba, anayefuta miwani kila anapofikiri. Alimkuta mama yake hali chakula vizuri kwa sababu ya Charles, naye akakosa usingizi kwa kuwa alichokuwa anakisomea kilikuwa ni jambo hilohilo, ila la mabenki na simu: namna ya kumpima mtu kama anaijua siri, bila yeye kuitaja, na bila wewe unayempima kuijua.

Alimweleza Mbuke kwenye kivuli cha turubai, na Abel, mzungusha winchi, akisikiliza kwa pembeni huku anatafuna muwa.

"Dada Mbuke, umewahi kupanda pamba kwa kamba?"

"Mimi nimezaliwa Samuye. Nimepanda pamba kabla sijavaa viatu."

"Basi kila mche uko kwenye mstari wake. Sasa ng'oa mmoja, usogeze kiganja kimoja tu, uupande tena. Nikikuuliza umetoka shimo gani?"

"Si nitakuonyesha? Lile la karibu."

"Kwa kuwa shamba lako lina urefu na upana tu, basi. Mashamba yetu sisi yana pande mamia. Huko mche ukisogezwa kidogo tu, hakuna kompyuta inayojua shimo lake la karibu ni lipi, hata hizo kubwa wanazotutishia kwamba zinakuja. Anayejua ni aliyeupanda."

"Shamba la pande mamia," Abel alisema, akatema kapi la muwa, "unapalilia na jeshi gani?"

Davis alicheka, akafuta miwani. Kisha akatoa vitanzi viwili vya kamba vilivyofungwa mafundo kuzunguka, sawasawa kama tasbihi kubwa. Kimoja cha Mbuke, kimoja cha kwenda chini. Mafundo ya kamba hayana pande mamia, alikiri. Huu ni mchezo wa watoto ukilinganisha na kitu chenyewe. Lakini mvamizi aliye gizani na panga mkononi hana karatasi wala kalamu.

Davis aliwapa Maige na mwenzake Leodgar namba moja faraghani, wao wawili tu. Kwa namba hiyo Davis aliruka mafundo ya kitanzi, ruka, ruka, ruka, akafika kwenye fundo moja. Akasogea tena kidogo pembeni, kama ule mche, ndipo akafunga kitambaa chekundu kwenye kitanzi cha Mbuke. Kitambaa kila mtu alikiona. Namba iliyokileta pale hakuna aliyeiona.

Mtu wa chini akitaka kupanda, anavuta mara moja kwa nguvu. Mbuke anachagua namba yake ndogo kichwani, mpya kila mara, anaruka nayo mpaka fundo fulani, na fundo hilo ndilo analolituma chini kwa mivuto. Aliye chini anaichukua mivuto hiyo, anairudia kuzunguka kitanzi chake kwa ile namba ya siri, na pale anapotua ndilo jibu lake, analirudisha juu kwa kuvuta. Huku juu Mbuke naye anarukia kitambaa chekundu kwa namba yake mwenyewe. Yeye kapita njia yake, mwenzake njia yake, wala hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Lakini wanatua fundo moja. Au jirani tu, kwa sababu ya ule msogeo.

Mara ya kwanza walipojaribu na jibu la Maige likaangukia pale pale alipokuwa ameweka kidole, Mbuke alisisimkwa na nywele za shingoni. Ilikuwa kama mtu kamgusa.

"Mafundo mawili pembeni, huku au huku, vuta," Davis alisema. "Zaidi ya hapo usivute."

"Na asiyejua namba?"

"Anatua popote. Hapo ndipo uzuri wake. Jibu lake ni laini, kama ukuta uliosiribwa vizuri, hauna ufa wa kutia ukucha. Yeye hapati kitu kwako, na wewe hupati kitu kwake. Hujui ni nani, hujui anataka nini. Unajua tu kwamba si wetu."

Mbuke akauliza, "Na wetu akikosea?"

"Wetu atakosea kidogo. Nafasi ya kukosea kidogo nimeshaiweka."

Kisha akaongeza sharti jingine. Kwenye kamba isipite kitu kingine chochote. Pasiwe na kubisha kwa salamu, pasiwe na mtindo wa mtu. Kila ziada ni mlango, alisema, na kila mlango una mtu wa kuuchungulia. Jioni ile Mbuke alimwambia Maige aache kutikisa kamba.

"Kwani natikisa?"

"Unatikisa. Kama unakung'uta shati."

"Kumbe una mume mchafu na hukuniambia," Maige alisema, akajilaza. Alikuwa mtu wa mabega mapana na kicheko cha chini chini. "Haya, nitaacha."

"Na namba yenu ni ngapi?"

"Eee! Mke wangu kanunuliwa tayari."

"Niambie tu. Nitaisahau."

"Nikikwambia umekosa kazi, na mimi nimekosa mke wa mdomoni." Akampapasa begani kwa kidole, akigonga pole pole, gonga, gonga, kama mtu anayehesabu, kisha akaacha katikati na kucheka. "Hapo nimekudanganya. Siyo hiyo."

Ukawa mchezo wao. Kila akitaka kumchokoza anamgonga begani na kuacha katikati.

Kazi ikaenda. Mchana mmoja watu wote wa duara lao wakiwa juu wanakula ugali na dagaa, kamba ya ishara ilijivuta. Mbuke aliwatazama: Maige huyu hapa, Leodgar huyu hapa ana tonge mkononi. Akatuma fundo. Jibu likaja limepotea kabisa, upande wa pili wa kitanzi. Akatuma jingine, likapotea kwingine. Abel alipuliza filimbi, vijana wakazunguka shimo la jirani, na wavamizi wakakamatwa wanatokea huko kama panya waliofukizwa. Siku hiyo mama ntilie alimletea Mbuke chai ya maziwa bila kuagizwa, na wale wa maneno ya kanga wakaanza kumwamkia. Davis alitembea machimboni siku nzima mikono nyuma, anatabasamu peke yake. Likizo ikaisha, hakurudi Dar. Alisema anakusanya mambo ya kuandika.

Halafu mvua zikanyesha. Zilinyesha wiki nzima, mashimo yakajaa maji kwa chini, kila mwenye duara akawa anahangaika kuyatoa. Asubuhi ile kulipokauka kidogo, Maige na Leodgar walivaa tochi za kichwani.

"Mwangaluka, mke wa mdomoni," Maige alimsalimia mkewe mbele za watu, kana kwamba hawakuamka kitanda kimoja.

"Mwangaluka. Usichelewe, leo kuna kisamvu."

"Shemeji, na mimi nimealikwa?" Leodgar akauliza.

"Wewe umejialika tangu mwaka juzi."

Wakashuka.

Jua lilikuwa halijafika utosini kamba ilipovutwa. Haikuvutwa kwa nguvu kama kawaida. Mbuke alidhani labda imekwama kwenye matimba, yale magogo yanayozuia kuta. Ikavutwa tena. Akachagua namba yake, akaruka mafundo, akatuma. Akangoja. Jibu lilichelewa sana, na mivuto yake ilikuwa haina mwendo, mingine mirefu mingine mifupi. Alihesabu huku midomo inacheza. Likaangukia mbali.

Akanyanyua uso. "Limepotea."

Abel aliacha mkono wa winchi. Davis akatoka turubaini mbio, miwani mkononi. Mama Davis alikuwa amekaa kwenye gunia. Alisimama, akatia mkono mfukoni kwenye rozari.

"Tuma jingine," Davis alisema. "Namba mpya."

Alituma jingine. Safari hii kimya kilikuwa kirefu mpaka Abel akaanza kusema wamekimbia. Kisha mivuto ikaja, dhaifu. Mbali tena, na si mbali kule kwa kwanza, kwingine kabisa.

"Ni wao," Abel akasema, akalifuata panga lake. "Wanabahatisha kama wale wa siku ile."

"Siku ile watu wetu walikuwa juu," Mbuke alisema.

"Ndiyo maana leo ni mbaya zaidi. Ina maana wamewashika."

Mama Davis alijipiga ishara ya msalaba. Mbuke akawaza. Kama waliokuwa kwenye kamba ni wavamizi, basi Maige yuko wapi? Kafungwa? Kachinjwa? Na akiwavuta hao, atamsaidiaje? Atakuwa amewapandisha waliomuua waje wawaue na hawa. Hilo ndilo alilolifikiri, na baadaye alilirudia mara nyingi sana, akitafuta ndani yake mahali ambapo angeweza kufikiri vingine.

"Mara ya mwisho," Davis alisema. "Tuma."

Akatuma. Kutoka shimoni ulipanda mvumo, kama mtu anayeguna usingizini, ukaisha. Kisha kamba ikatikisika kidogo. Kama mtu anayekung'uta shati.

"Maige!" Mbuke alisimama. "Huyu ni Maige. Ametikisa!"

"Subiri jibu," Davis alisema.

Jibu likaja. Mvuto, kimya. Mvuto, kimya. Mbuke alihesabu kwa kidole, fundo kwa fundo, na alipofika mwisho alihesabu tena kutoka fundo la jibu mpaka kwenye lile alilotua yeye. Yalikuwa mafundo matatu.

"Matatu," alisema. "Kaka Davis, ni matatu tu. Amekaribia."

Davis alikitazama kitanzi. Rangi ilikuwa imemtoka. "Nilisema mawili."

"Amekaribia!"

"Anayebahatisha mara nyingi kuna mara atakaribia. Kitanzi ni kidogo. Tukikubali hili tumekubali yote."

"Na kutikisa? Ile ni yake. Mimi naijua."

"Mwanamke anamjua mumewe kwa kamba," Abel alisema, si kwa kucheka, ila kama mtu anayeomba lisiwe kweli.

Davis alimwinamia, sauti yake ya upole. "Dada Mbuke. Wameishi kwenye kuta hizi wanatusikiliza. Kutikisa kunaigika. Charles naye alipata alichokuwa anakijua."

Winchi ilikuwa mbele yake, hatua moja. Abel alikuwa ameiacha. Mama Davis alikuwa ameziba macho kwa kiganja. Hakuna aliyemshika Mbuke mkono. Hakuna aliyesimama njiani. Alitazama lile gogo la winchi na kamba nene iliyozungushwa juu yake imelowa mvua, akamwona Charles, akaona jeneza lisilofunguliwa. Akakaa chini.

Kamba haikuvutwa tena.

Abel alipuliza filimbi, vijana wakakimbilia mashimo ya jirani na marungu. Walizunguka kote hawakukuta mtu anayekimbia. Walichokikuta, kwenye duara la pili kutoka lao, ni wenye shimo hilo wamekaa wanakunywa uji wakingoja maji yao yaishe. Walikuwa wameshusha pampu ya petroli mpaka chini tangu alfajiri, inaunguruma huko huko ndani, na moshi wake kwa kuwa haukupata pa kupandia ulikuwa umeingia kwenye ile njia ya wavamizi ambayo hakuna aliyejishughulisha kuiziba. Kijana mmoja alirudi anakimbia, na kabla hajafika alikuwa anapiga kelele: "Hewa! Ni hewa! Vuteni!"

Mbuke ndiye aliyeifikia winchi wa kwanza.

Kamba ilikuwa nzito. Walizungusha yeye na Abel, mikono ikipishana, na kwenye mwanga alitokea Leodgar, kafungwa kifuani kwa fundo zuri la kukaza, kichwa kimelala begani, midomo ina rangi isiyokuwa yake. Walimlaza, wakammwagia maji, akakohoa. Aliyemfunga hakuwa amejifunga mwenyewe. Kamba ilirudi chini tupu, ikapanda tupu.

Ilibidi wapulizie hewa kwa bomba mpaka mchana uliposogea ndipo watu wakathubutu kushuka. Maige walimkuta ameketi, mgongo kwenye ukuta, kitanzi kimezungushwa mkononi. Walitaka kukitoa, wakashindwa mara ya kwanza, kwa sababu kidole gumba kilikuwa kimebana kwenye fundo.

Walimzika Maige kwao, Samuye hiyo hiyo, nyuma ya zizi la baba yake. Wanawake walilia kwa Kisukuma na Mbuke akalia nao, lakini alipokaa kwenye mkeka aliona nafasi aliyoachiwa pande zote mbili. Mama mkwe hakumwita mwanangu tena. Wajomba walisema taratibu, kwa sauti ya kusikika: kamba ilikuwa mkononi mwake. Na wale wa machimboni waliokuja kuzika walikuwa na yao: tulisema mwanamke asikae pale. Aliyesema hivyo hakukumbuka kwamba alikuwa ameanza kumwamkia.

Leodgar alikuja alipopata nguvu za kutembea. Alikuwa amekonda, na maneno mengine yalimpotea katikati ya sentensi.

"Shikamoo, mayu," alimwamkia mama mkwe mlangoni. Kisha akakaa karibu na Mbuke, mbali na wengine.

"Shemeji. Kichwa kilianza kuuma, tukasema ni njaa. Halafu miguu ikakataa. Mimi nililala chini. Yeye alinifunga, akasema ngoja nikuombee kamba." Akakohoa. "Nilikuwa namwona kwa tochi. Anahesabu kwa kidole. Akifika katikati anasahau, anaanza tena. Ananiuliza mimi, Leodgar, namba yetu ni ile ile? Namwambia ndiyo. Anaanza tena. Hakuacha kuhesabu, shemeji. Angeacha angepata nguvu ya kujifunga."

Mbuke alikuwa akitazama mikono yake.

"Namba yenyewe," Leodgar alisema, "ilikuwa..."

"Usinitajie."

"Imeshakuwa haina kazi."

"Usinitajie, Leodgar."

Mama Davis na mwanawe walikuja matanga yalipoisha. Walileta sukari, unga, na doti mbili za kanga. Davis alikuwa amelia njiani, ilionekana. Alikaa kwenye kigoda, magoti yamefika kifuani, akazungumza na ardhi.

"Nimepitia kila kitu," alisema. "Dada Mbuke, mfumo haukukosea. Ulipima kile ulichotakiwa kupima. Mimi sikufikiri kwamba mtu wetu anaweza kuijua namba na asiweze kuihesabu. Jibu la mtu aliyezidiwa na jibu la mwizi yanafanana. Sikuliona hilo."

"Mimi nilikuuliza," Mbuke alisema.

"Uliniuliza nini?"

"Wetu akikosea."

Alifuta miwani muda mrefu. "Nimepanua nafasi," alisema mwishowe, karibu kwa kunong'ona. "Sasa ni mafundo manne."

Mbuke alimtazama kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki. Kijana wa watu alikuwa ameleta kitu pekee alichokuwa nacho.

Mama Davis alimtuma mwanawe nje akaangalie gari, kisha akasogeza kigoda.

"Mwanangu, nina neno, na Mungu anisamehe kulisema katika nyumba hii. Nataka urudi mdomoni."

Mbuke alisogeza mfuko wa sukari pembeni.

"Abel kakataa, hata winchi kaiacha. Wengine nao siwaamini. Nimekesha nalitafakari. Siku ile ulikuwa unaamini ni mumeo, ukasema ni mumeo, na bado ulishika sheria." Aliushika mkono wa Mbuke kwa mikono yake miwili. "Mtu aliyeweza hilo hawezi kununuliwa na mtu yeyote. Duniani hapa sina mwingine kama wewe."

Alilisema kama sifa. Lilikuwa sifa. Mbuke aliusikia mkono ule wenye joto, aliisikia rozari iliyokuwa ndani yake ikimbana vidole, na kitu kilichokuwa kimebaki kinaumia ndani mwake kikaacha kuumia, kikawa kigumu.

"Nitakuja, Mama Davis," alisema, akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja."

Hakuwa na pa kwenda pengine. Nyumba ile ilikuwa imeshamtema. Alirudi na begi moja.

Leo ukipita machimbo yale utamkuta. Ameketi palepale, kanga imefungwa kiunoni, kitanzi mapajani. Wanaume hawamtanii tena. Wanamwamkia na kupita upesi. Kamba ikivutwa anaonekana akifikiri kidogo, anavuta mivuto yake kwenda chini, anangoja, mivuto ya jibu inakuja, midomo yake inacheza, kidole chake kinapita juu ya mafundo. Kisha anamgeukia mzungusha winchi mpya.

"Vuta."

Mama Davis anamsifia mbele za wageni kwamba tangu arudi hajakosea hata mara moja. Davis, ambaye yuko Dar anaandika, anapiga simu kuuliza majibu yanaangukia wapi, na Mbuke anamwambia: karibu, kaka, yote karibu.

Hahesabu. Fundo analolituma chini ni lolote lile, na kidole kinachopita kwenye kitanzi kinapita tu. Kamba ikivutwa, anasema vuta, basi. Aliye chini awe na namba au asiwe nayo, awe Leodgar au mwenye panga, atapandishwa juu kwenye mwanga. Anajua siku moja watapanda wale. Mzungusha winchi ni kijana wa watu, ana mama yake, na hilo nalo Mbuke analijua, kwa hiyo kila jioni anamfundisha kusimama upande wa njia ya kukimbilia.

Yeye mwenyewe kigoda chake kiko upande wa pili, ukingoni kabisa.